Tangi la furu: kuliuza au kubaki nalo

Tangu mwezi uliopita nimekuwa nikijadiliana na familia yangu kuhusu jambo ambalo kwa wengi litaonekana dogo: tangi la samaki lenye urefu wa mita mbili lililoko sebuleni kwetu, hapa Nyegezi, tuliuze au tubaki nalo. Kila ninayemwomba ushauri hulichukulia kama fanicha, akauliza lilitengenezwa kwa shilingi ngapi na leo linaweza kuuzwa kwa ngapi, ilhali ndani yake mna furu zaidi ya 40, samaki wadogo wa Ziwa Victoria, ambao hawawezi kupakiwa kwenye kirikuu pamoja na meza na kushushwa jioni kwa mwenye nyumba mpya. Kwa maoni yangu swali la bei ndilo jepesi kuliko yote. Lililo zito ni nani atakayewabadilishia maji samaki hawa mwakani, na mwaka utakaofuata.

Tangi lenyewe lilijengwa na fundi vioo wa hapa mjini kwa kioo cha milimita 12, urefu wa sentimita 200, upana 60 na kimo 60. Likijaa hadi ukingoni linabeba lita 720, lakini mimi huacha kama sentimita tano juu, kwa hiyo maji hayafiki lita 660. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ukiongeza kioo, ambacho chenyewe kinazidi kilo 100, halafu mchanga, mawe na meza ya chuma, unakaribia tani moja juu ya eneo dogo kuliko godoro la mtu mmoja. Nyumba yetu, kama nyingi za upande huu wa Mwanza, imekaa juu ya mwamba na sakafu yake ni zege, kwa hiyo uzito haujawahi kunitia wasiwasi. Ninachokichunga ni viungo. Vioo hivyo vimeshikwa na silikoni peke yake, na shinikizo la maji linalovisukuma halitokani na urefu wa tangi bali na kina chake, ndiyo maana sehemu ya chini ndiyo inayolemewa zaidi. Kila mwezi napitisha kidole nje ya kila kiungo kuanzia juu hadi chini, nikitafuta unga mweupe wa chumvi, kwa kuwa maji yanayovuja kidogo kidogo hukauka kabla hujayaona na kuacha alama hiyo tu. Mpaka sasa sijaupata popote.

Suala la kuuza lilianza mama yangu mzazi alipohamia kwetu kutoka Ukerewe, baada ya magoti kumkatalia kuendelea kuishi peke yake. Chumba alichopewa kinafungukia sebuleni, na njia yake ya kwenda msalani inapita mbele ya tangi. Kwa miaka yote nimekuwa nikibadilisha maji kila Jumamosi kwa ndoo, karibu lita 200 zinatoka na lita 200 zinaingia, yaani ndoo kumi za lita ishirini za kwenda na kumi za kurudi, juu ya sakafu ya tailizi. Mtu mzima mwenye afya hupita hapo bila kufikiri. Mama mwenye miaka zaidi ya sabini anayetembea kwa fimbo hawezi. Zaidi ya hayo kulikuwa na waya wa ekstensheni uliokatiza sakafuni karibu na mlango wake. Mke wangu, ambaye ndiye anayeshinda na mama mchana kutwa, aliniambia bila kuzunguka: "Baba Neema, samaki mimi siwachukii, lakini mama akiteleza pale hakuna wa kumlaumu isipokuwa sisi wawili." Sikuwa na jibu la kumpa siku hiyo, na niliona kuwa ana haki.

Gharama nazo zilipaswa kuhesabiwa kwa uaminifu, kwa kuwa Neema yuko chuoni na kila shilingi ina kazi yake. Chujio linatumia wati 35 na pampu ya hewa wati 10, vyote viwili usiku na mchana, na taa za wati 40 huwaka saa nane kwa siku. Hiyo ni uniti 1.4 kwa siku, uniti 42 kwa mwezi, ambazo kwa bei ninayonunulia umeme wa LUKU ni kama shilingi 15,000. Hita hatuna na hatuihitaji. Hali ya hewa ya Mwanza inayaweka maji ya sebuleni kwenye nyuzi 24 hadi 26 karibu mwaka mzima, na hao ni samaki wa ziwa hili hili, wamezaliwa kwa joto hilo. Chakula ni kidogo mno kukitaja. Kwa hiyo fedha peke yake haikutosha kuwa sababu ya kuuza, ingawa wanaonishauri huitanguliza.

Kazi ndiyo inayokula mtu. Samaki anapopumua na kujisaidia hutoa amonia, ambayo ni sumu hata ikiwa kidogo. Bakteria waliojishika kwenye sponji na kokoto za chujio huibadilisha kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine huibadilisha nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia mpaka ikizidi. Chujio haliiondoi nitrati hiyo, na ndiyo sababu ya ndoo za Jumamosi. Bakteria hao wanahitaji oksijeni kama samaki wenyewe. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, maji yaliyonaswa ndani ya chujio huishiwa hewa, bakteria huanza kufa, na umeme ukirudi ghafla uchafu wote huo husukumwa tangini kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo usiku umeme unapokatika lazima mtu aamke, awashe pampu ndogo ya betri, na umeme ukirudi baada ya muda mrefu alisuuze chujio kwa maji ya tangi kabla ya kuliwasha. Na maji ya bomba hayaingii moja kwa moja. Hukaa kwenye pipa lililo wazi angalau siku nzima ili klorini iondoke, kwa sababu klorini inayotulinda sisi na kipindupindu ndiyo hiyo hiyo inayounguza mashavu ya samaki na kuua bakteria wa chujio. Ninayaeleza haya kwa kirefu kwa sababu anayetaka kununua tangi kubwa huoneshwa mwanga na rangi tu, na hakuna anayemweleza kuwa atakuwa na zamu ya usiku.

Sasa nifike kwa samaki wenyewe, kwa kuwa bila wao nisingesita hata siku moja.

Ni furu. Mama alipofika na kukalishwa sebuleni aliomba kiti chake kisogezwe, akawatazama muda mrefu, kisha akasema: "Hawa ni furu. Sisi tulikuwa tunawaanika juu ya mawe, tunawalia ugali wa muhogo, na hakuna aliyewahesabu." Neema na wadogo zake walikuwa wakiishi nao nyumbani kwa miaka bila kujua kuwa bibi yao aliwala utotoni. Ukimwuliza kijana wa leo wa Mwanza samaki wa ziwa letu ni wepi, atakutajia sangara, sato na dagaa, na anayejitahidi ataongeza kamongo. Lakini utafiti wa nyavu za kukokotwa uliofanywa ziwani kati ya 1969 na 1971 ulikuta kuwa karibu asilimia 80 ya uzito wa samaki wanaoishi karibu na sakafu ya ziwa walikuwa furu, na walikuwa wengi kiasi kwamba katika miaka ya 1970 Mwanza kulikuwa na kiwanda cha kuwasaga kuwa chakula cha mifugo. Aina zao katika ziwa zima zinakadiriwa kuwa zaidi ya 500: wala mwani, wavunja konokono, wala wadudu, wala samaki wenzao, hata wenye kazi ya kunyonya mayai na vifaranga kutoka vinywani mwa mama zao.

Sangara aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa muda mrefu alikuwa mchache, kisha katika miaka ya 1980 akafurika, na hapa kwetu katika Ghuba ya Mwanza furu wa maji ya kina walitoweka ndani ya miaka michache, mbele ya macho ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi, akiwemo Frans Witte, ambao walikuwa wameanza kuwachunguza mwaka 1977. Aina zinazodhaniwa kupotea ni kama 200. Sangara hakuwa peke yake. Maji yalichafuka kwa mbolea na udongo kutoka nchi kavu, mwani ukaongezeka, hewa ya vilindini ikapungua. Wala simlaani sangara. Viwanda vya minofu ndivyo vilivyolipa karo za watoto wengi wa mji huu, pamoja na mimi, na mapanki yake, yaani vichwa na mifupa inayobaki, yamekuwa kitoweo cha nyumba nyingi zisizomudu mnofu. Ninachosema ni kwamba tulipata kitu na tukapoteza kitu, na kile tulichopoteza hata majina yake hatukuwa tumemaliza kuyatoa.

Wa kwangu ni aina moja tu, ile ambayo kitaalamu inaitwa Pundamilia nyererei. Ilielezwa rasmi mwaka 1985, mwaka ule ule Mwalimu alipong'atuka, na jina lilitolewa kwa heshima yake. Ni furu wa mawe, na hilo ndilo lililowaokoa wengi wa jamii yake, kwa maana sangara mkubwa hawezi kuwafuata kwenye nyufa. Wazazi wa hawa wangu walivuliwa kwa ndoano kwenye mawe ya kisiwa kimoja cha ghuba yetu, na nimekataa siku zote kuwachanganya na furu wengine. Mtafiti Ole Seehausen na wenzake walionesha mwaka 1997 kuwa majike wa furu huchagua madume kwa rangi, na mahali ambapo maji yamechafuka na mwanga umebadilika, jike hawezi tena kumtofautisha dume wa aina yake na wa aina jirani, hivyo aina mbili huanza kuyeyuka kuwa moja bila hata kuliwa na yeyote. Ndiyo maana ninasisitiza juu ya maji safi na mwanga mzuri.

Dume anayetawala ana mgongo mwekundu, ubavu wa njano uliokatwa na mistari myeusi, na tumbo jeusi. Ukimtazama kwa karibu utaona kwenye pezi la chini, karibu na mkia, madoa machache ya njano yanayofanana na mayai. Jike akishataga hugeuka papo hapo na kuyaokota mayai yake kinywani, kisha hudonoa yale madoa ya dume akidhani ni mayai yaliyobaki, na kwa kufanya hivyo huvuta mbegu za dume na mayai hurutubishwa humo humo kinywani. Baada ya hapo hujitenga nyuma ya jiwe, koo limevimba, na kwa wiki mbili hadi tatu hali kitu. Kila baada ya muda mfupi utaona taya lake likitikisika kana kwamba anatafuna. Anayageuza mayai ili yapate hewa. Jambo hili linatokea ziwani mita chache kutoka kwenye mawe wanakofulia akina mama wa Luchelele, na hakuna anayeliona, kwa sababu maji ya kando ya mji ni ya kijani na macho hayapenyi. Watoto wa mtaani kwetu wameliona sebuleni.

Sidai kwamba tangi la nyumbani linaokoa aina ya samaki. Wapo furu ambao ziwani hawajaonekana kwa miaka mingi na bado wanazaliana kwenye matangi ya Ulaya na Marekani, lakini kazi hiyo hufanywa kwa kumbukumbu za kila kizazi na kwa kubadilishana wazazi ili damu isiwe moja, na mimi sina uwezo huo. Ninachoweza kusema ni kwamba katika mji uliojengwa na samaki, mahali ambapo mtoto anaweza kukaa chini na kumtazama furu akiwa hai ni pachache sana, na pamojawapo ni chini ya paa langu.

Katikati ya mjadala huu dalali mmoja alimleta mwenye gesti wa upande wa Kirumba, mtu mwenye adabu, aliyetoa shilingi 1,200,000 kwa tangi, meza na chujio. Fedha hiyo ingelipa sehemu nzuri ya ada ya Neema na sikuidharau. Nilimweleza jinsi ya kuwatunza samaki, naye akanijibu kwa upole kuwa furu hawahitaji. Angependa samaki wekundu wakubwa ambao mteja anawaona tangu mlangoni. Hakuwa na kosa lolote, alitaka kupamba mapokezi yake. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa bei ile ilikuwa ya vioo, na samaki wangebaki mikononi mwangu wakiwa hawana maji.

Jamaa kadhaa waliniambia niwarudishe ziwani, maana si ndiko walikotoka. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema lakini ni wa hatari. Samaki aliyeishi tangini anaweza kubeba vimelea ambavyo wenzake wa nje hawajakutana navyo, na furu wa kisiwa kimoja hawako sawa na wa kisiwa kingine hata wakiwa wa aina moja. Ukiwamwaga mwaloni Nyegezi kwa kuwa ndiko karibu, unaingiza damu ngeni mahali ambapo huwezi tena kuitoa. Ziwa hili limekwisha kuona matokeo ya kumimina samaki bila kuwaza. Wengine walipendekeza niwagawe kwa vijana wenye matangi ya lita 60 na 80. Hapo tatizo ni tabia ya furu mwenyewe: dume hujitwalia eneo, na kwenye tangi dogo mnyonge hana pa kukimbilia, atapigwa mpaka afe. Katika mita mbili zenye mawe mengi madume kadhaa hugawana mipaka na kila mmoja anatulia kwake. Ukubwa wa tangi, ambao kila mtu anauona kuwa anasa, ndio unaowafanya waishi kwa amani.

Tumeamua kubaki nalo, na uamuzi huo uliwezekana kwa sababu ya mke wangu, ambaye aliuliza swali ambalo mimi sikuwa nimelifikiria: kwa nini maji yapite sakafuni kabisa? Tumenunua pampu ndogo ya kuzamisha na mpira mrefu. Maji machafu yanatoka kwa mpira kupitia dirishani mpaka kwenye tuta la mchicha, ambako nitrati ile ile inayowadhuru samaki ni mbolea, na maji safi yanavutwa kwa mpira huo huo kutoka kwenye mapipa yaliyoko barazani. Hakuna ndoo inayoingia sebuleni. Fundi umeme ameziondoa nyaya zote sakafuni na kuzipitisha ukutani, na kila waya unaotoka tangini unashuka kwanza chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda, ili tone likiufuata lidondokee chini badala ya kuingia kwenye umeme. Kazi yote hufanyika asubuhi mama akiwa nje anaota jua, na sakafu hukaguliwa na mke wangu, si mimi, kabla hajarudi ndani.

Idadi ya samaki nayo itashuka hadi kama 25. Kadiri walivyo wachache ndivyo nitrati inavyopanda polepole, na nikisafiri kikazi mpwa wangu anayeishi nasi, ambaye tumeshamfundisha kuliwasha chujio na kulisuuza, anaweza kuruka wiki moja bila madhara. Vifaranga nitawapa wenye matangi ya lita 300 na kuendelea, kwa makundi yenye madume na majike, na kwa sharti la kutowachanganya na furu wengine.

Najua pia ni lini nitaliuza. Nikihamishwa kwenda mkoa mwingine, au mpwa wangu akiondoka na mimi nikashindwa kupata wa kunishika mkono, au kidole changu kikikuta ule unga mweupe kwenye kiungo cha chini na fundi akasema silikoni yote imechoka, basi litauzwa. Litauzwa pamoja na samaki wake, kwa mtu aliyekuja nyumbani kwetu Jumamosi mbili au tatu akashika mpira na kubadilisha maji mwenyewe, hata kama atatoa nusu ya ile bei ya gesti. Mke wangu ameafiki, na mama amesema mnunuzi huyo aoneshwe kwanza kwake.